Faili ya mirathi "haipatikani" mpaka utoe elfu mbili: hizi rejistri (ofisi za faili) za mahakama huku magharibi ni za nani?

Wadau, leo mnivumilie, nimejaa. Kuna mahakama moja huku magharibi mwa Kenya, sitaitaja kwa sababu kesi yetu bado iko mikononi mwao na najua jinsi faili inavyozidi kuzama watu wakikasirishwa. Lakini yeyote aliyewahi kufuatilia saksesheni, yaani kesi ya mirathi, kati ya Kisumu na Busia ataitambua tabia hii hata nisipotaja mji.

Faili za familia hazipotei zenyewe. Zinafichwa, au zinaachwa zilale, halafu anayeambiwa akazitafute ni mama mzee aliyetoka Budalang'i na matatu ya alfajiri, huku rejista yenye jibu imelaliwa na kiwiko cha karani.

Mzee wetu alifariki 2008. Mwaka uliofuata mama akapeleka ombi la kusimamia mirathi kupitia wakili, akapewa granti, yaani hati ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu. Granti tu, haikuthibitishwa. Wakili alitaka pesa zaidi, zikakosekana, kisha yeye mwenyewe akafa, na pale palipokuwa ofisi yake leo wanauza kava za simu. Mafuriko ya 2020 yakaja yakabeba sanduku la makaratasi. Sasa baba mdogo anawapimia watu shamba la marehemu kaka yake kwa kamba, na kila tunakokimbilia, kwa chifu, kwa ofisi ya ardhi, tunaambiwa: leteni granti iliyothibitishwa. Sina ubishi na hilo. Sheria ya Mirathi inasema wazi kwamba msimamizi hawezi kugawa wala kuuza ardhi ya marehemu kabla ya uthibitisho, na uthibitisho huombwa miezi sita ikishapita. Yetu imepita tangu watoto wa dada yangu hawajazaliwa. Kinachotakiwa ni faili.

(Na kabla mtu hajaniandikia nimshtaki baba mdogo: kifungu cha 45 kinamtisha anayeingilia mali ya marehemu kwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Elfu kumi! Hiyo anailipa kwa chenji ya ploti moja.)

Basi ukifika dirishani swali ni moja. "Namba ya kesi?" Mama anasema karatasi zilikwenda na maji. Anatoa kitambulisho. Anataja jina la marehemu, anataja mwaka, anataja wakili. Yule kijana, ambaye umri wake ni wa mjukuu, hajainua macho. "Kukhu (bibi), bila namba hatuwezi kukusaidia. Ingia kwa mfumo." Mfumo gani? Ni kweli tangu Machi 2024 kesi zinafunguliwa kwa mtandao nchi nzima, lakini tuliutafuta huo mfumo mpaka bando likaisha na faili yetu ya 2009 hatukuiona humo. Anayekutuma kwa mfumo anataka uondoke dirishani, basi.

Hapa ndipo nataka watu wasome polepole, maana kuna jambo karani hakutuambia. Kila ombi la usimamizi wa mirathi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya, ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30. Na lile tangazo lina kila kitu: jina la mahakama, namba ya kesi na mwaka wake, jina la mwombaji na uhusiano wake na marehemu, jina la marehemu, alikokuwa akiishi, alikofia na tarehe. Magazeti hayo ya zamani yako mtandaoni na hayalipiwi. Nilikaa saiba, duka la intaneti, na kijana mmoja mwenye subira, tukaandika jina la mzee kwa kila namna linavyoweza kuandikwa, maana huku kwetu jina moja hubadilika kati ya kitambulisho na cheti cha kifo. Tukampata. Ameandikwa pale kwa herufi ndogo, katikati ya safu ndefu ya marehemu wengine wa Siaya, Kakamega na Bungoma. Namba hiyo hapo. Huyo karani anafanya kazi hii kila siku ya Mungu, na hakuona haja ya kumwambia mjane maneno mawili: "Angalia Gazeti."

Nikarudi na namba. Mnadhani ikawaje? Rejista ikafunguliwa kwa shingo upande. Nilichungulia kupitia uwazi wa dirisha, nikaona mstari wetu kwa macho yangu: namba, jina la mzee, jina la mama, na pembeni kwa kalamu nyekundu neno moja, "IMEHAMISHWA". Imehamishiwa wapi? Hakuna. Lini? Hakuna. Sahihi ya aliyeichukua? Kuna mkunjo wa wino tu, kama mtu alikuwa anajaribu kalamu.

Wakili mmoja wa kijijini kwetu alinifafanulia, na ni vizuri mjue kama mna kesi ya zamani. Kabla ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 kuanza kutumika, hakimu hakuruhusiwa kugusa mirathi inayozidi shilingi 100,000. Ndiyo maana hata shamba dogo la Bunyala lilipelekwa kwa jaji wa Mahakama Kuu. Sheria ile ikapandisha kiwango, hakimu mkuu sasa anafika milioni 20, na mafaili mengi ambayo hayakuwa yamekamilika yakashushwa kwa mahakimu. Mengine yalipewa namba mpya huko chini. Mwenye kesi hakuambiwa. Kwa hivyo unaweza kusimama kwenye foleni ya rejistri moja mwaka mzima ukiulizia faili iliyoko jengo la pili, ng'ambo ya mti, ikiwa na namba usiyoijua. Na majengo yenyewe yako kiwanja kimoja! Wanakunywa chai kibanda kimoja! Kumpigia mwenzako simu kunahitaji amri ya jaji?

Nikavuka kwenda jengo la pili. Wakaniambia hawana, rudi wiki ijayo. Wiki ijayo, karani husika yuko likizo.

Halafu kuna jamaa wa korido. Hana beji wala meza, lakini anaingia rejistri bila kubisha hodi. Akanisogelea: "Elfu mbili, mchana huu unaipata." Nikakataa. Mama mmoja wa Funyula tuliyekuwa naye kwenye benchi, naye aliambiwa asubuhi kwamba faili yake haionekani, alikata tamaa akafungua kitambaa kiunoni. Kabla ya saa nane alitoka na nakala zake, karatasi bado zina joto la mashine. Kwa hiyo faili "iliyopotea" ilikuwa kwenye rafu muda wote, kinachopotea ni risiti. Simlaumu yule mama, alikuwa na watoto wanaotaka amri ya matunzo itekelezwe.

Nikaandika barua rasmi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizoko serikalini, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka ujibiwe ndani ya siku 21. Sheria hiyohiyo inasema ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Niliandika kwa Kiswahili ili mama aelewe anachotia sahihi. Karani akaisoma, akacheka, akamwonyesha mwenzake. "Hii peleka kwa mwalimu wako wa shule. Hapa andika Kiingereza." Nikamwomba apige muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Akakataa. Hapo damu ilinichemka, lakini mama alinivuta shati.

Najua kuna mtu atakuja hapa na hoja ya usiri. Mafaili ya watoto na ya talaka yalindwe, mimi naunga mkono kabisa, jirani asiende kusoma ndoa ya mtu ilivunjikaje. Ila huyu si jirani. Ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama hiyohiyo, jina lake liko kwenye rejista na kitambulisho kiko mkononi.

Sasa sikieni jipya. Wamesema kama faili haionekani, tuombe ijengwe upya. Tulifurahi mpaka tulipoambiwa masharti: mama alete nakala za nyaraka zote alizowasilisha 2009. Nakala zipi? Zile zilizokwenda na mafuriko ya mto Nzoia?

Kwa hivyo nauliza, na tafadhali ajibu aliyepitia, msinitumie maombi. Kuna yeyote huku magharibi aliyewahi kujengewa faili ya mirathi upya bila kuwa na nakala hata moja isipokuwa tangazo la Gazeti? Ulimwandikia nani, naibu msajili au jaji moja kwa moja? Na malalamiko dhidi ya karani ulipeleka kwa Ombudsman wa Mahakama (ofisi yao ya malalamiko) au kwa Tume ya Haki ya Utawala, wapi walikusikiliza haraka? Jumatatu narudi pale na barua ileile, kwa Kiswahili kilekile, na safari hii sitoki dirishani bila muhuri.