Tupeane uzoefu: Syd Arthur ni warithi wa muziki wa Canterbury, au ni vijana waliozaliwa mji huo tu?

Mzee wa Santuri (Sinza)

Wakuu, salaam.

Najua ukitaja mji wa Canterbury kule Uingereza, wengi wanamfikiria Askofu Mkuu wa Waanglikana. Watu wa Unguja watasema ndiko anakoishi mwandishi wetu Gurnah. Sisi wachache tuliopotea njia tunafikiria kinanda kilichopitishwa kwenye fazi, kile kifaa cha kukwaruza sauti, mpaka kinakoroma, mwimbaji anayeimba kama anajiongelesha jikoni, na mdundo unaokataa kuhesabika moja mbili tatu nne.

Kwa wageni: mwaka 1964 vijana wa huko waliunda bendi ya Wilde Flowers. Haikutoa hata albamu moja enzi zake, ila humo ndimo walimotoka Soft Machine na Caravan, na kutoka kwa hao ukazaliwa ukoo mzima: Gong, Matching Mole, Hatfield and the North, National Health. Utani mwingi, jazi nyingi, makeke machache. Robert Wyatt, mpiga drams na mwimbaji wa Soft Machine, aliwahi kurekodi BBC mwaka 1969, akabadilisha maneno ya wimbo akaimba kuhusu mashine ya chai iliyopo koridoni. Hao ndio watu wenyewe.

Mimi niliwajua miaka ya tisini kwa kaseti isiyo na jina. Jirani yetu alirudi kutoka London, akaisahau kwenye redio yetu. Niliisikiliza mwaka mzima nikidhani ni jazi ya wazungu walevi. Baadaye ndiyo nikajua ni Caravan.

Sasa, 2014 binamu akanitumia albamu mbili za bendi inayoitwa Syd Arthur, On an On ya 2012 na Sound Mirror iliyotoka mwaka huohuo wa 2014. "Kaka, hawa wanatoka Canterbury penyewe." Nikavaa hedifoni, nikasubiri kinanda kama mtu anayesubiri gari la Mbagala saa mbili usiku. Hakikuja. Gitaa, besi, drams, fidla, mandolini, vinanda vya kupamba kidogo, nyimbo za dakika tatu nne, basi. Nikakasirika. Wiki ya pili nikajikuta naosha vyombo huku napiga mluzi wao.

Mpaka leo sijaamua. Lete kisa chako: uliwasikia wapi, na unasimama upande gani? Wa "prog, hii roki tata, ni muziki wa wazee" jamani mtupishe leo.

Mlinzi wa Baiskeli (Kisumu, zamani Kent)

Mzee, mimi nilisoma huko. Nilikuwa nikiosha sahani kwenye mkahawa mmoja, na mpishi alikuwa akiweka Sound Mirror kila Jumapili asubuhi. Nilidhani jina ni mambo ya washairi tu. Akaniambia hapana, hivyo vioo vya sauti vipo kweli, viko ufukweni kule Denge karibu na Dungeness, nenda ukavione.

Nikaenda. Treni, kisha basi, kisha miguu kwenye kokoto zinazokula viatu. Viko kisiwani katikati ya bwawa, na siku hiyo daraja lilikuwa limefungwa, kwa hiyo nilivitazama ng'ambo ya maji: mabakuli mawili makubwa ya zege yamesimama wima, na pembeni ukuta mrefu uliopinda. Vilijengwa miaka ya 1920 na 1930 ili askari asikie injini za ndege za adui zikiwa bado mbali baharini. Rada ilipokuja, vikaachwa hivyo hivyo. Upepo ulikuwa mkali, nikasimama pale na hedifoni nikairudia albamu yote.

Upande wangu ni huu. Watu wanatafuta Canterbury kwenye kinanda cha Mike Ratledge wa Soft Machine. Mimi naisikia kwenye mahali. Nyimbo zile zina ukungu wa kule, zina bustani na matope. Mtu wa Nottingham hawezi kuzitunga.

Mwana Bukavu (Brussels)

Ndugu, hapo kwenye mtu wa Nottingham umenigusa. Kuna bendi ya Zopp, wanatoka Nottingham, na albamu yao ya 2020 ina Canterbury nyingi kuliko Syd Arthur wote wakiungana. Kinanda cha fazi kipo, melodia zinazopinda kona bila kupiga honi zipo.

Hebu tuulizane. Dave Stewart, mpiga kinanda wa bendi za Egg na Hatfield, alikuwa kijana wa London. Daevid Allen, mmoja wa waanzilishi wa Soft Machine, alikuwa Mwaustralia, na Gong aliianzishia Ufaransa baada ya kukataliwa kuingia tena Uingereza mwaka 1967. Tangu lini muziki huu ukawa wa cheti cha kuzaliwa? Kama ni urithi, nendeni Palermo, Italia, mkawasikilize bendi ya Homunculus Res, au A Coruña, Hispania, kwa Amoeba Split. Huko ndiko moto ulikohifadhiwa.

Niliwapata Homunculus Res kwenye duka la santuri za mitumba hapa. Muuzaji aliniuliza kama nataka kitu cha kucheka au cha kulia, nikasema vyote viwili. Akanipa hao. Syd Arthur nilipowasikia baadaye niliona ni bendi nzuri ya roki yenye akili. Nzuri sana. Lakini wacheshi wako wapi? Hatfield walichukua jina lao kwenye kibao cha barabarani! Hawa vijana wako siriasi kama wanakwenda kuposa.

Kitanda cha Kamba

Mimi nilisikiliza albamu moja yao nikalala.

Bi Fidla (Unguja)

Assalaam aleykum. Mie napiga fidla kwenye taarab, kwa hiyo niliwafuata kwa ajili ya Raven Bush. Mnamjua? Ni mtoto wa kaka yake Kate Bush, yule mwimbaji wa Uingereza. Fidla yake haijitangazi. Inaingia chini ya gitaa kama mtu anayepita ukumbini na kanga yake bila kutaka watu wageuke, halafu ukitulia unagundua wimbo wote umeegemea hapo. Kwetu mpiga fidla anajibizana na mwimbaji, watu wamsikie. Yeye anatia rangi tu.

Usiku mmoja nilijaribu kupiga nao pamoja, simu iko juu ya meza. Vidole havikuwa na taabu. Taabu ilikuwa mguu. Mguu wangu umezoea kurudi nyumbani kwa hesabu, na pale kwenye mapigo saba ulikuwa unafika mlangoni unakuta mlango umeshafungwa. Mume wangu akatoka chumbani akaniuliza nakanyaga mende.

Nongwa yangu na hawa ni moja: wana haraka. Sisi kwetu ala zina nafasi zake kabla mwimbaji hajafungua mdomo, na wimbo ukinoga haukatwi, watu wanasimama wanatunza. Syd Arthur wanafungua mlango wa nyumba kubwa, wanakuonyesha ukumbi, kisha wanakwambia kwaheri. Kaka Bukavu, mie sikosi vichekesho, nakosa dakika. Ila wanaposhikana, fidla, gitaa na besi vinasokotana kama ukili, huwezi kusema upi umeanza.

Besi Nne (Dar)

Bi Fidla umenichekesha na mende. Mimi ni mpiga besi wa dansi, natoka kazini saa tisa usiku. On an On ndiyo inayonirudisha nyumbani. Besi ya Joel Magill haikai chini kama nguzo, inatembea, ila haimkanyagi kaka yake Liam akiimba. Nilijaribu kuipeleka mapigo saba mazoezini. Mpiga drams wetu alishika mara mbili, ya tatu akaangusha fimbo, solo gitaa akaingia sebene kwa kudhani ni ishara. Kiongozi akasema hiyo nenda ukapige kwenu.

Lakini nimeandika kwa sababu nyingine. Mpiga drams wao wa mwanzo, Fred Rother, ilibidi aache kwa matatizo ya masikio. Niliposoma hilo nilizima simu. Sikio langu la kushoto linalia tangu 2017, sauti nyembamba kama jokofu kuukuu, haizimiki. Miaka yote nilisimama kando ya matoazi bila hata pamba. Daktari aliniambia kilichokwenda kimekwenda, linda kilichobaki. Sasa navaa vizibo, na vijana wa bendi wananiita babu.

Kwa hiyo nikisikiliza zile albamu mbili za mwanzo sisikilizi kama mwamuzi wa ukoo wa Canterbury. Namsikiliza Fred. Anapiga kwa mikono myepesi, matoazi yake yanapumua, na najua sasa bei aliyolipa. Nafasi yake ilichukuliwa na Josh, ndugu mdogo wa akina Magill. Josh ni fundi, sina neno naye. Lakini Apricity ya 2016 mimi hainiingii. Imenyooshwa mno, kama shati la harusi.

Dada wa Zamu ya Usiku (Marekani)

Apricity mniachie mimi.

Namtunza mzee mmoja hapa, ni mpenzi wa bendi ya Yes tangu ujana wake. 2014 walikuja mjini kwetu, ile ziara waliyopiga albamu zao Fragile na Close to the Edge mwanzo mpaka mwisho. Mtoto wake hakupata nafasi, basi tiketi ya pili nikapewa mimi wa kusukuma kiti. Wafunguzi walikuwa Syd Arthur. Viti nusu vitupu, wazee wako nje wanapanga foleni ya bia. Mimi nilikuwa nimeketi kwa sababu mzee wangu hawezi kusimama, hivyo tukawasikiliza wote wawili, yeye kwa kulazimika, mimi nikitafuta chipsi mkobani. Wimbo wa tatu nikasahau chipsi. Mzee akaniinamia akasema hawa wamesikiliza Caravan. Sikujua Caravan ni nini, nilidhani ni gari.

Mjue "apricity" ni neno la kale la Kiingereza, maana yake joto la jua wakati wa baridi kali. Mtu wa Dar atalielewaje? Mimi natoka zamu saa moja asubuhi, theluji mpaka kwenye goti, nasubiri basi, jua linatokea kati ya maghorofa mawili linanipiga shavu moja tu. Hilo ndilo neno lenyewe. Walikwenda kuirekodi Los Angeles na prodyuza Jason Falkner, kwa hiyo ndiyo, imenyooshwa, vinanda vya kielektroniki vimeongezeka, nyimbo zinashikika haraka. Sioni kosa. Mzee wangu anaona kosa. Nikiiweka anasema "zima hiyo disko". Tunabishana mpaka chakula kinapoa.

Mwana Bukavu

Dada, mwambie mzee nina Amoeba Split kwa ajili yake.

Mzee wa Santuri

Nimerudi, umeme ulikatika. Besi Nne, pole sana kaka. Mimi nimechanganya sauti miaka mingi na sijawahi kupima masikio. Wiki hii nakwenda, na nitakwambia.

Mlinzi wa Baiskeli, ile hoja ya ukungu ingenishinda kama Bukavu asingeleta Palermo, maana ukungu wa Palermo sijui watautoa wapi. Lakini Bukavu naye, umesema hawana mzaha. Sikiliza tena Liam anavyoburuta maneno, ile sauti ya puani. Wyatt yumo mle. Hacheki, ila anatabasamu.

Tangu ile ya 2016 sijaona albamu yao nyingine, mwenye habari alete.

Bi Fidla, ukirudia ile ya mapigo saba rekodi hata kwa simu, na sauti ya mguu tunaitaka. Na wewe Kitanda cha Kamba, ulilala wimbo wa ngapi?

Kitanda cha Kamba

Wa pili. Ila niliamka wa nane nikarudisha.