Kipunji alipewa jina kwa picha: ni lazima kuua ili kutambulisha spishi mpya?

Mdadisi wa Milimani
Wakuu, habari za leo. Swali langu ni kuhusu kipunji, yule kima wa milima ya Rungwe na Udzungwa, Tanzania. Mei 2005 alitangazwa kwenye jarida la Science, na kilichobeba jina lake, yaani kielelezo rasmi cha spishi, kilikuwa picha, si mwili. Kuna wanaosema bila ngozi na fuvu kabatini hakuna spishi. Wengine wanasema kumpiga risasi mnyama ambaye hujui wamebaki wangapi ni kosa kubwa kuliko kukosa fuvu. Sheria ya majina inasemaje? Na asiyetaka kuua anakusanya nini msituni, kwa vibali gani?

Kabati la Mafuvu
Tuanze na sheria, maana hapo watu hupotoshana. Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama haisemi kwamba jina linabebwa na karatasi ya picha. Kifungu cha 73.1.4 kinasema ukitaja picha, kilichotajwa ni yule mnyama aliyeonekana pichani. Yaani mwenye jina alikuwa bado anaruka mitini. Inakubalika, ingawa wataalamu kadhaa waliandika barua za kupinga kwenye jarida hilohilo, na hoja yao si ya kupuuza: picha haikupi meno wala vipimo vya fuvu, na atakayekuja na shaka miaka 30 baadaye hana cha kushika.

Tazama kilichofuata. Kwa macho na masikio watafiti walikuwa na ushahidi huu: kishungi kilichosimama wima, mkia na tumbo vyenye weupe, kope nyeusi, na mlio wa kubweka usiofanana na ule wa kima wa jenasi (kundi la spishi jamaa) ya Lophocebus. Hata hivyo walimweka humohumo Lophocebus. Agosti 2005 dume ambalo halijakomaa likakutwa limekufa kwenye mtego wa mkulima, shamba la mahindi karibu na Mlima Rungwe. Mwili ukapelekwa makumbusho ya Field, Chicago. Fuvu lilifanana na la Lophocebus, vinasaba vikasema jamaa yake wa karibu ni nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus. Kwa picha peke yake tungekaa na kosa lile muda mrefu.

(Na tusimwite nyani, jamani. Ni kima. Jina lenyewe ni la Wanyakyusa, waliomjua kabla ya jarida lolote.)

Silika na Penseli
Mwili ulisaidia, sawa, lakini ona kwamba aliyemuua mnyama yule si mtafiti. Halafu mwili mmoja nao hudanganya. Vinasaba vya mitokondria (vile vinavyorithiwa kwa mama) vya yule wa Rungwe viliangukia katikati ya matawi ya ukoo wa nyani wa manjano, dalili kwamba zamani walizaliana. Kipunji wa Ndundulu, upande wa Udzungwa, hawakuonyesha mchanganyiko huo, na vinasaba vyao vilitoka kwenye kinyesi. Aliyeua mmoja Rungwe na kufunga daftari angeandika kisa cha msitu mmoja kama historia ya spishi nzima.

Kukusanya kinyesi kunafanyika hivi. Vaa glavu mpya kwa kila sampuli, maana vinasaba vyako vinachafua kirahisi. Chukua cha asubuhi kabla mvua, jua na mbawakawa hawajakiwahi. Usichimbe katikati, kwangua gamba la nje lenye kung'aa, kwa sababu seli za utumbo hubaki pale. Takriban gramu 5 ziingie kwenye mililita 30 za ethanoli ya asilimia 97 au zaidi, zikae saa 24 hadi 36. Kisha mwaga ethanoli na uhamishie kinyesi juu ya punje za silika, ukitenganisha kwa karatasi laini. Silika ikibadilika rangi imeshiba maji: ibadilishe siku hiyohiyo. Wengi huruka hatua ya ethanoli ili kubeba mzigo mwepesi, na hatua hiyo ndiyo inayozuia vinasaba visiliwe na vimeng'enya kabla sampuli haijakauka. Lebo andika kwa penseli. Wino wa kalamu ukiguswa na ethanoli unayeyuka, na unabaki na chupa 40 zisizo na jina.

Maabara, rudia kipimo cha kila sampuli mara kadhaa; vinasaba vya kinyesi ni haba na nakala ya kinasaba iliyotoka kwa mzazi mmoja inaweza kutoonekana kabisa.

Mdadisi wa Milimani
Shukrani. Lakini mmoja tu kati ya maelfu ana madhara gani?

Silika na Penseli
Maelfu gani, mkuu? Sensa iliyochapishwa 2008 ilipata kipunji 1,117 kwa jumla, na Ndundulu nzima walikuwa 75. Zaidi ya hapo, mwaka 2005, wakati ambapo mtu angefyatua hiyo risasi, namba hizo hazikuwepo.

Njia ya Msituni
Vibali: COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kwa utafiti, TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) kwa wanyamapori, halafu mwenye msitu. Upande wa Kitulo, hifadhi ya taifa jirani na Rungwe, ni TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), hifadhi ya Mlima Rungwe ni TFS (wakala wa misitu). Ukivusha sampuli mpakani, kinyesi kilichookotwa hakiguswi na CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini), ila kipande cha ngozi au nyama kinahitaji kibali chake, na sheria za nchi zinabaki kwa vyote viwili.

Msichosema ni kwamba utafiti usioua nao una madhara. Ukishawazoesha kima kutokimbia watu, hawatambui nani ana daftari na nani ana mbwa wa kuwindia. Usianze kuwazoesha kundi kama huna fedha za askari wa doria hata baada ya mradi kuisha. Magonjwa pia: Ngogo, ndani ya hifadhi ya Kibale, Uganda, kirusi cha mapafu kinachotoka kwa binadamu kiliua sokwe 25 kati ya mwisho wa 2016 na mwanzo wa 2017. Barakoa, mita 10, na mwenye mafua abaki kambini.

Mkichapisha, taja msitu na mwinuko, basi. Zimeni alama ya mahali kwenye kamera kabla ya kupiga, maana picha huvuja na namba za GPS ndani yake, na mtega mitego anajua kuzisoma.