Handel, hisa za biashara ya watumwa na Haleluya Kuu: tuendelee kuiimba?

Mfungua mjadala:
Wakuu, Pasaka inakaribia na kwaya zimeshaanza kugawa makaratasi ya Haleluya Kuu. Kabla besi na teno hawajaanza kulaumiana, naomba tulijadili jambo ambalo kwenye kwaya zetu ni nadra kulisikia.

Mtunzi wake, George Frideric Handel, Mjerumani aliyezaliwa Halle mwaka 1685 na kupewa uraia wa Uingereza mwaka 1727, aliwahi kuwa na hisa katika Royal African Company. Hiyo ni kampuni yenye hati ya mfalme wa Uingereza iliyowavusha Waafrika wapatao 150,000 Atlantiki wakiwa watumwa, wengi wao wakichomwa chapa ya kampuni mwilini. Wala si uvumi wa mtandaoni. David Hunter, mtafiti wa muziki wa Chuo Kikuu cha Texas, aliikuta saini ya Handel kwenye daftari za kuhamishia hisa za mwaka 1720. Kabla ya hapo, mwaka 1716, alikuwa na hisa za pauni 500 katika South Sea Company, iliyokuwa na mkataba wa kupeleka watumwa kwenye makoloni ya Hispania.

Watazameni na waliomlisha. Mwaka 1717 alikuwa akimtungia nyimbo za ibada James Brydges, tajiri wa Cannons karibu na London, ambaye baadaye alikuwa kinara wa kuifufua Royal African Company kwa mtaji mpya. Mwaka 1719 wakubwa wa London wakachanga mtaji wa kampuni ya opera, Royal Academy of Music, wakamweka Handel jikoni. Ukilinganisha orodha ya wenye hisa za opera na ya wenye hisa za watumwa, majina mengi yanajirudia. Opera yake ya Giulio Cesare ya 1724 ilitokea humo.

Msimamo wangu: tuimbe, ila tuache kumfanya mtakatifu. Kwenye matamasha mengi mshereheshaji hutusimulia kwamba mzee alijifungia ndani siku 24 bila kula, mbingu zikamfunukia, mtumishi akamkuta akibubujikwa na machozi. Hizo siku 24 ni kweli: alianza Messiah, utunzi mrefu ambao Haleluya Kuu ni sehemu yake, 22 Agosti 1741, akamaliza 14 Septemba. Lakini Handel alikuwa na mkono mwepesi siku zote, hata kwenye opera za mapenzi na wivu, na alipomaliza Messiah hakupumzika, akaingia moja kwa moja kwenye utunzi mwingine, Samson. Kama tuna dakika tano za mbingu kufunuka, tuna dakika moja ya daftari la hisa.

Mwalimu wa kwaya, Moshi:
Ndugu yangu, hoja nimeielewa, ila umeandika kana kwamba wimbo wenyewe haupo. Maneno ni Maandiko Matakatifu, na aliyeyapanga ni Charles Jennens. Kazi ya Handel ilikuwa kuyapa sauti, na hapo ndipo mtu anapimwa.

Chukua timpani, zile ngoma kubwa za okestra. Sehemu ya kwanza ya Messiah yote ziko kimya. Ya pili karibu yote, kimya. Zinasubiri Haleluya. Halafu ile "Mfalme wa wafalme": soprano na alto wanashikilia noti moja ndefu, wengine wanawajibu kwa haleluya chini yao, kisha soprano wanapanda ngazi moja, wanashikilia tena, wanapanda tena. Mwanakwaya asiyejua kusoma nota anaielewa bila kufundishwa, kwa kuwa kifua chake mwenyewe kinamwambia kuwa hewa inaisha na bado kuna kupanda. Nimefundisha nyimbo nyingi za Wazungu ambazo watu huziimba kwa adabu tu. Hii wanaiimba kwa kugombea.

Na ukishika daftari, lishike lote. Messiah ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin, 13 Aprili 1742, fedha ziligawiwa hospitali mbili na wafungwa wa madeni. Wafungwa 142 walitoka gerezani. Wanawake waliombwa wasivae magauni yenye pete za kutanua na wanaume waache panga nyumbani ili watu wengi zaidi waingie. Kuanzia 1750 aliiimbisha kwa ajili ya watoto waliotupwa wa Foundling Hospital ya London, na kwenye wosia akawaachia nakala ya muziki wake. Huyo naye ni Handel.

Mjukuu wa Forodhani:
Watu wa bara mnapenda kwenda mbali. Hayo ni ya Atlantiki, na kampuni hiyo ilinunua watu Afrika Magharibi. Hapa Unguja kanisa la Mkunazini limejengwa pale pale palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa 1873, na watu wanaabudu humo hadi leo. Nyumba ya Tippu Tip ipo, watalii wanapigia picha mlango. Mkimaliza ya Handel, njooni tuzungumze ya babu zetu, kama mtathubutu.

Mhasibu, Nairobi:
Jamani, kabla hamjamhukumu mtu kwa daftari, lisomeni kama daftari. Kwanza, hisa zile za 1720 hazikukaa naye muda mrefu, na kuna wanaodhani alizipokea kwa wakubwa wake badala ya malipo taslimu. Pili, 1720 ndio mwaka ambao London nzima iliingiwa na wazimu wa hisa, bei ya South Sea ikapaa kisha ikaporomoka. Tatu, fedha alizoweka baadaye kwenye South Sea hazikuwa hisa za biashara. Zilikuwa karibu sawa na hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Alipokufa 14 Aprili 1759 alikuwa na hatifungani za pauni 17,500, utajiri mkubwa kwa mwanamuziki wa enzi zile. Sehemu iliyotoka kwa watumwa moja kwa moja ni ndogo.

Simtetei. Nasema tu kosa lipimwe kwa uzito wake.

Mfungua mjadala:
Mhasibu, nakubali hisa na hatifungani ni vitu viwili. Lakini malipo yakija kwa hisa za watumwa, aliyepokea anajua kilichoandikwa juu ya karatasi. Alitia saini. Na suala la muda mfupi linanipa shida: aliyemuuza mtu baada ya mwezi na aliyemuuza baada ya mwaka, mtu aliyeuzwa anaona tofauti gani?

Mwalimu, wafungwa 142 ninawahesabu, na mayatima pia. Ninachokataa ni kuwatumia kama sabuni. Handel alimhurumia Mwairishi mwenye deni na mtoto wa London aliyetupwa, kwa kuwa aliwaona. Waafrika aliwaona kama tarakimu za gawio. Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Wa Forodhani, nakuunga mkono, fungua mada yako, nitakuja. Ila pale Mkunazini mgeni anasimuliwa soko kwanza kabla ya kuonyeshwa madhabahu. Ndicho ninachokiomba hapa.

Alto wa Bukoba:
Mimi niko kinyume na wote. Tuiache. Si kwa sababu ya hisa. Tuna nyimbo za John Mgandu, tuna za Bernard Mukasa, lakini Pasaka ikifika kwaya inatumia wiki sita kuhangaika na Handel na mwisho tunaiimba nusu. Sisi alto tunalijua hilo vizuri, maana ndio tunaozimwa na kinanda.

Mwalimu wa kwaya, Moshi:
Dada wa Bukoba, kuimba nusu ni kosa la mwalimu wako, si la Handel.

Mfungua mjadala, dakika moja nakupa, ila isemwe baada ya wimbo.

Mfungua mjadala:
Baada ya wimbo watu wanatafuta viatu vya watoto na magari yao. Isemwe kabla, pamoja na Dublin. Na ile hadithi ya Mfalme George II kusimama ukumbini Haleluya ilipoimbwa, inayotolewa kama sababu ya watu kusimama hadi leo, nayo iondoke. Hakuna ushahidi wa wakati ule kwamba alikuwepo.

Mwalimu wa kwaya, Moshi:
Kabla, sawa, pamoja na Dublin. Ila la kusimama hutaniweza. Watu wangu husimama hata mazoezini.