Mwenza wako alipobadilisha muonekano ghafla, wivu ulikupeleka wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, mwaka wa 11 huu kwenye ndoa. Mwezi wa pili mume wangu akaanza kupaka piko, kwanza ndevu, baadaye kichwa kizima. Huyu ndiye aliyekuwa akijisifia mvi zake! Nikanusa mashati, nikapekua droo. Usiku mmoja nikamvaa, mwiko mkononi. Akacheka, halafu akanyamaza. Kumbe kazini wanapunguza watu, na kijana mmoja alimwita "mzee" mbele ya bosi. Nilimwonea huruma. Ila mashati bado nanusa, sitawadanganya. Nyie wenzangu?

#2
Mleta mada, mimi ndiye niliyebadilika. Nilijiunga na wenzangu wa jogging, kila Jumapili alfajiri, kitambi kikaisha. Mama watoto akaanza kunipakulia ugali wa watu wawili, na chapati za mafuta saa tatu usiku. Baadaye akakiri: nikiwa na kitambi alikuwa analala usingizi. Siku hizi tunaenda wote. Yeye hakimbii, anashika chupa ya maji na kuangalia nani anakimbia karibu yangu.

#3
Alinyoa rasta zote bila kuniambia. Nikanuna siku mbili, nikidhani kuna mtu kamshauri. Kuna mtu kweli: dada yake. Hela ya msusi nimeokoa.

#4
Wangu mimi ulianzia kwenye neno moja. Tulitoka dukani, akasema "yule dada mweupe amenirudishia chenji pungufu". Basi. Mimi nikasikia "mweupe" tu, chenji sikuisikia. Kesho yake nikaenda kwa muuza vipodozi, akanichanganyia mkorogo kwenye kopo lisilo na lebo. Wiki ya tatu uso unang'aa, mashoga wananisifia, huku viungo vya vidole vimebaki vyeusi tii. Kisha ngozi ikawa laini vibaya: nikikaa karibu na jiko uso unawaka kama nimepakwa pilipili. Daktari wa ngozi alinikalisha chini. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na hiyo zebaki haiishii usoni, inaharibu hata figo. Akaniambia nisiulize bei ya nyingine, niache. Nilipomsimulia mwenzangu chanzo, dada mwenyewe hamkumbuki. Chenji anaikumbuka, shilingi 500.

#5
Sisi wa Tanga tuna shida nyingine. Nimejifukiza udi Jumanne jioni, siku ya kawaida, mume ananiuliza, "Unakwenda harusi ya nani?" Miaka 9 ya ndoa! Nikamjibu ya kwangu, ile ya pili. Hajatoka nyumbani wiki nzima.

Mleta mada
#5 umenichekesha hadi mtoto kaamka. #4 pole dada, vidole vimerudi?

#4
Uso umerudi kiasi. Vidole bado. Nikimpa mtu mkono naukunja kwanza.