Faili linasema "amepaliwa", daktari kaandika "nimonia" tu. Niweke msimbo J69.0 (nimonia ya kupaliwa) au J18.9 (nimonia isiyotajwa chanzo)?

Kalamu ya Faili: Wakuu, naombeni ushauri. Nina faili la mzee aliyelazwa kwa kiharusi. Siku ya tatu muuguzi wa zamu ya usiku kaandika: "Amepaliwa akinywa maji, amekohoa sana, midomo imebadilika rangi." Asubuhi homa, na picha ya kifua inaonyesha doa pafu la kulia, chini. Kwenye fomu ya ruhusa daktari kaandika neno moja: nimonia. Mwenzangu anasema weka J18.9 tumalize. Mimi roho inakataa. Je, naruhusiwa kuunganisha mwenyewe kupaliwa na nimonia?

Mkongwe wa Misimbo: Usiunganishe, ndugu yangu. Kutambua ugonjwa si kazi yetu waweka misimbo. Mrudishie daktari swali, na uangalie unavyouliza: ukiandika "hii si nimonia ya kupaliwa?" umeshamtilia jibu mdomoni. Mwekee maneno ya muuguzi, saa homa ilipoanza na majibu ya picha, kisha mwombe afafanue chanzo kama anakijua. Wala usiweke misimbo yote miwili ili uwe salama; ICD-10 yenyewe, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, pale kwenye J18, inaitenga nimonia ya kupaliwa na kukupeleka J69.

Tabibu wa Wodi: Kupaliwa peke yake si nimonia. Asidi ya tumboni ikiingia mapafuni huyaunguza, mgonjwa akapata homa na kubanwa pumzi ndani ya saa chache, bila bakteria. Kwa mwingine ni bakteria wa mdomoni walioteremka. Wodi ikijaa tunaandika "nimonia" tunakimbilia kitanda kingine. Tuulizeni, hatuchukii.

Kalamu ya Faili: Na makohozi yakiotesha bakteria wa Klebsiella?

Mkongwe wa Misimbo: Daktari akiandika kuwa ndiye chanzo, J15.0 (nimonia ya Klebsiella) inaingia pamoja na J69.0. Karatasi ya maabara peke yake haitoshi. Na aliyepaliwa na asidi ya tumboni akiwa kwenye nusukaputi ni J95.4; akiwa anajifungua, O74.0. Kichanga ni P24.

Kalamu ya Faili: Mrejesho: daktari kasoma maandishi ya muuguzi, kaongeza "nimonia ya kupaliwa, kumeza kwa shida baada ya kiharusi", kasaini na kuweka tarehe. Nimeweka J69.0 na R13 (kumeza kwa shida), kiharusi kimebaki utambuzi mkuu. Sasa nimeyatoa mafaili matatu ya mwezi uliopita niliyoyafunga kwa J18.9. Mawili yana neno "amepaliwa".