MJADALA: Maduka ya dawa mwambao wa Kigoma yalazimishwe kuripoti wanaoharisha?

Wakuu, habari za kutwa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ndiyo, yalazimishwe, ila kwa sharti moja nitakalolitaja chini.

Kituo cha afya hutuma ripoti ya magonjwa kila wiki, na ugonjwa kama kipindupindu hutakiwa kuripotiwa ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zinaanza kuhesabiwa mgonjwa akifika kituoni, na mvuvi wa kijiji cha Mwamgongo, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, haanzii kituoni. Anashuka mwalo (bandari ya boti za uvuvi) wa Kibirizi, anaingia duka la kwanza, anaomba "dawa ya tumbo", anapewa pakiti mbili za ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) na vidonge vya Flagyl, antibayotiki, anarudi kwenye boti. Hakuna daftari lililomwona. Kipindupindu hujitokeza kati ya saa chache na siku 5 baada ya kuambukizwa, na mtu mzima mwenye afya anaweza kuishiwa maji mwilini akafa siku hiyohiyo.

Tusisahau Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi, mwaka 2015. Maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walijazana pale ufukweni, meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini, na kufikia mwishoni mwa Mei wagonjwa wa kipindupindu walikuwa wamepita 3,000, waliofariki zaidi ya 30, wakiwemo wenyeji.

Ninachopendekeza ni kufuatilia dalili kabla ugonjwa haujapata jina. Mtoa dawa apige vistari jioni: wangapi wameharisha maji, wa chini ya miaka 5 na wa juu ya hapo. Mgawanyo huo ndio wenye siri. Watoto huharisha kila masika, lakini watu wazima wanne wa mwalo mmoja wakinunua ORS kwa ajili yao wenyewe siku moja, hapo mtu inabidi anyanyuke. Mfano wa dalili kutangulia: Ruangwa, Lindi, Julai 2022, watu walikuja na homa na damu puani. Vipimo vya Ebola na Marburg vikatoka hasi, baadaye ikajulikana ni homa ya mgunda (leptospirosis): wagonjwa 20, vifo 3. Kilichowastua wahudumu kilikuwa dalili. Maabara ilifuata nyuma.

Sharti langu: taarifa ya kwanza isifunge mwalo. Ilete mtu. Afisa afya afike kesho yake na kipimo cha haraka na klorini, achukue sampuli. Amri yoyote isubiri maabara.

Mtoa dawa, Ujiji: Mkuu, unaongea vizuri ila hujakaa kaunta. Huku wengi tunatoa antibayotiki bila cheti cha daktari, tusidanganyane. Mteja ametoka mbali, hela ya kumwona daktari hana, ukimnyima anakwenda duka la jirani. Sasa nikuandikie kila jioni kwamba leo nimehudumia tisa wa kuharisha, kesho mkaguzi aje na daftari langu mwenyewe aniulize niliwapa nini? Hiyo ni kujifunga kamba. Halafu bando la kutumia hizo namba nanunua kwa hela yangu.

Muuguzi, Kasulu: Mimi naogopa kelele. Google walijaribu kukisia mafua Marekani kwa kuangalia watu wanatafuta nini mtandaoni. Msimu wa 2012/2013 makisio yao yakakaribia mara mbili ya hali halisi, na mwaka 2015 wakaacha kuyatoa. Sisi wilayani gari ni la kugombania. Tukikimbilia kila tumbo la mtu aliyekula dagaa waliolala, siku ya kipindupindu chenyewe mafuta yatakuwa yameisha.

Mfanyabiashara wa dagaa, Kibirizi: Mnaongelea vipimo, mie naongelea mzigo. Uvumi tu ukisambaa, wanunuzi wa Dar hawapokei simu. Na lawama wanabebeshwa wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu hata kama choo kibovu ni cha kwetu hapa hapa.

Mleta mada: Nawajibu, nikianza na mtoa dawa kwa sababu hoja yake ndiyo nzito kuliko zote.

Una haki ya kuogopa. Ndiyo maana nasema tuhesabu dalili, tusihesabu dawa. Karatasi isiwe na jina la mteja wala ulichomuuzia, iende kwa mganga mkuu wa wilaya, na iandikwe kisheria kwamba mkaguzi haruhusiwi kuitumia. Bila kinga hiyo kila mtu ataandika sifuri, na sifuri ya uongo ni mbaya kuliko kukosa ripoti, maana inamlaza usingizi anayeisoma. Gharama isiwe yako: namba 199 ya Wizara ya Afya inapigwa bure, na ripoti hizi nazo ziwekewe njia ya bure.

Dada muuguzi, Google walikuwa wanakisia kutoka kwa watu wasiowaona. Mtoa dawa anamwona mteja, anaona macho yaliyoingia ndani, anamuuliza choo kikoje, kama kinafanana na maji ya mchele. Bado nakubali kengele za uongo zitakuwepo. Duka lilinganishwe na wiki zake lenyewe zilizopita, na gari litoke pale maduka mawili jirani yanapopanda pamoja. Kabla ya gari, ipigwe simu kwanza kwa mtoa dawa. Dakika tano zinaokoa safari nyingi.

Mama wa dagaa, namba za duka zisitangazwe. Kinachotangazwa ni kilichothibitishwa.

Mtoa dawa, Ujiji: Hiyo kinga ikiandikwa na kupigwa muhuri, naanza. Lakini nami nina langu: nikituma namba, nijibiwe. Nikikaa wiki nzima bila kujua kama kuna aliyeisoma, vistari vyenu mtakuja kuvipiga wenyewe.