Naomba ushauri: mdogo wangu aongeze miaka 3 jeshini ili apate uhandisi?

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu yuko mwaka wa mwisho West Point, chuo cha maofisa wa jeshi huko Marekani, na sasa anapanga matawi ya jeshi kuanzia analolipenda zaidi hadi la mwisho. Namba moja kaweka uhandisi wa medani, ya pili ujasusi. Askari wa miguu kawaweka chini kabisa, ingawa huko ndiko nafasi huwa nyingi.

Shida ni kwamba matawi nayo yanawapima makadeti, na alama zake ni za kati. Usaili na watu wa uhandisi kaufanya. Anasema uliisha haraka mno, na tangu siku hiyo halali vizuri. Sasa anataka kujitolea kuongeza miaka 3 juu ya ile 5 ya lazima ili apewe kipaumbele. Mimi naona 8 ni mingi kwa kijana wa miaka 22, ila mimi mwalimu tu, jeshi nalijua kwa gwaride.

Mliopitia huko: hiyo miaka 3 kweli inambeba mwenye alama za kati? Na akipangiwa asikokutaka, anaweza kuhama tawi baadaye akiwa ofisa?